Faini ya Sista

Sista alikuwa anaogopa ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu wa Kinyala walilolijua kumhusu, kabla hawajajua hata anatibu nini. Huku kwetu ng'ombe wako kila mahali: nyuma ya jiko, kwenye migomba, katikati ya njia ya kwenda kituo cha afya. Sista akimwona mmoja anasimama palepale, anakusanya gauni lake jeupe kwa mkono mmoja, anamwita mtoto yeyote anayepita.

"Baba, njoo unishike mkono. Huyo ananitazama vibaya."

Basi mtoto wa chekechea anamvusha nesi mzima. Wakishapita, Sista anageuka na kumshukuru ng'ombe pia, kwa adabu kabisa: "Ahsante, bibi."

Kwao ni Lindi. Alisema huko hata kivuli kina joto. Huku kwetu mvua ikianza inasahau kuacha, na ukungu unaingia mpaka chumba cha sindano, kwa hiyo alivaa sweta mbili, mtandio mzito juu yake, na mabuti ya mpira. Tabibu, ambaye ndiye mkubwa wa kituo na ni mtu wa utani, alimchokoza kila asubuhi.

"Sista, leo umekuja mwenyewe au umeshushwa na belo la mitumba?"

"Belo la gredi ya kwanza, Tabibu. Usinichanganye na yale unayovaa wewe."

Benchi zima linacheka, hata wenye presha, ambao wameambiwa watulie kabla ya kupimwa.

Manesi wengine pale kituoni nao wanaitwa sista, lakini ukisema "Sista" bila kuongeza kitu, kila mtu anajua ni yeye. Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia hivi: "Ukiniona sokoni usiniite kwa jina kwa sauti. Watu watakuuliza umenijulia wapi." Yeye akikuona sokoni anakuangalia kama nyanya. Ukimsalimia wewe kwanza, ndipo anafurahi mpaka mtandio unamwanguka.

Kazi yake ilikuwa afya ya akili. Milango mingine ya kituo ina maandishi: Maabara, Dawa, Sindano, Mama na Mtoto. Mlango wake ulikuwa mtupu. Waliwahi kumletea kibao kizuri cha rangi ya bluu, akakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

"Mtu akiona neno 'akili' mlangoni, atapita kama anakwenda chooni," alisema. "Akishapita hivyo, ndiyo basi, harudi."

Kwa hiyo watu wake walikaa benchi moja na wenye sukari, wenye presha na watoto wanaokohoa. Hakuna aliyejua nani amefuata nini. Tabibu anakusikiliza kifua, anakupima, haoni kitu, anasema kama mtu anayekutuma chumvi, "Hebu ingia mle kwa Sista muongee kidogo." Na ni Sista aliyemzoesha Tabibu kuuliza kila mtu, awe na jipu au malaria, "Unalala?" Sasa Tabibu anauliza hivyo kama vile aligundua mwenyewe. Sista alimwacha na ushindi wake.

Nakumbuka dereva mmoja wa bodaboda, kijana wa miraba minne, aliyekuja anashika kifua. Moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, anaona anakufa njiani. Vipimo vikasema mzima. Tabibu akamwonyesha ule mlango mtupu. Kijana akawaka.

"Mimi siyo kichaa, Tabibu! Mimi nina familia!"

Sista akatoa kichwa mlangoni. "Nani kasema kichaa? Mimi nashinda humu ndani kutwa, umeniona nimetoka navua nguo?"

Bibi mmoja mwenye presha akaanguka kicheko. Kijana naye akashindwa, akacheka huku ameshika kifua, akaingia. Alikaa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini mikono ilikuwa imeshuka. Baadaye nilisikia kuwa alishuhudia ajali ya mwenzake, na hakuwahi kumwambia mtu.

Sista alikuwa na vituko vingine. Alicheza drafti na wagonjwa waliokuwa wanasubiri, na aliiba kete waziwazi. Ukimkamata anasema, "Afadhali umeona. Jana usingeona, ulikuwa umezama. Unaendelea vizuri." Sikuwahi kujua kama ni uganga wake au ni wizi tu. Alikuwa mvumilivu hata kwa mzee mmoja aliyemsimulia habari ileile kila alipokuja, lakini kwenye foleni ya maandazi alikuwa anasukuma watu. Alituambia tusikae na mambo moyoni, ila ukimuuliza yeye mume yuko wapi, watoto je, anakujibu kwa swali. "Na wewe, ulikunywa chai leo?" Chai yenyewe alikunywa ya rangi. Hapo ndipo wengi walipomshangaa kuliko hata kwa ng'ombe. Katika nchi ya maziwa, mtu mzima hanywi maziwa! Alisema yanamnukia ng'ombe, na kila akiinua kikombe anahisi mwenye mali yuko nyuma yake.

Sasa nifike kwa Mama.

Mama hakwenda kituoni kwa sababu ya akili. Alikwenda kumpima uzito mdogo wangu, Lusajo. Siku ya kliniki wale watoto wanatundikwa kwenye mzani kama mikungu ya ndizi, wanalia, na manesi wote wanatazama mshale. Sista huja pale hata kama si zamu yake. Anasimama upande mwingine na kutazama akina mama. Lusajo alikuwa amesimama kwenye uzito uleule. Nesi wa kliniki alianza kumweleza Mama habari za uji wa lishe, na Mama anaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia. Sista akamgusa bega.

"Mama Atu, huyu mtoto atapata uji. Wewe unakula?"

Mama akaanza kulia hapohapo, wenzake wakimwangalia. Sista alimfunika kwa mtandio wake kama mtu anayemkinga na mvua, wakaingia ndani. Mimi nikafuata na Lusajo. Ilikuwa likizo ndefu, nimerudi kutoka bweni.

Nilichokuta nyumbani likizo ile sikuweza kukisema kwa mtu. Mama yangu, aliyekuwa akichuma chai huku anaimba sauti ya pili peke yake bila ya kwanza, alikuwa anakaa jikoni moto ukiwa umezimika. Lusajo akilia, Mama anamwangalia kama anamwangalia mtoto wa jirani. Majirani walisema ni uvivu. Wengine walisema kuna mkono wa mtu. Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea, nao walikuwa wema. Sista ni Mwislamu, nilidhani atakasirikia maombi. Alisema, "Waendelee. Mungu haoni wivu kwa kidonge."

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Sijivunii, ndivyo nilivyo. Darasani najua jibu, natazama dawati. Mwalimu akinitaja, shingo inawaka. Ndiyo maana naandika. Sasa fikiria niko kwenye kile chumba kidogo, Lusajo mapajani, na Sista anamuuliza mama yangu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umewahi kufikiria kujiua?"

Nilitaka kiti kinimeze. Kwetu neno hilo halitamkwi, nilihisi amelileta yeye pale ndani. Lakini Mama aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Ndiyo." Sista hakushtuka. Alisema, "Ahsante kwa kuniambia," kama mtu aliyepokea zawadi nzito, akamshika mkono. Wakakaa hivyo. Baadaye, Mama alipokwenda kwa Tabibu, Sista alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Atu, kuuliza hakuwashi moto," aliniambia. "Moto ulishakuwepo. Kuuliza ni kufungua dirisha moshi utoke."

Ugonjwa ulikuwa na jina: sonona. Wengine huwapata baada ya kujifungua. Mama alipewa kidonge cha jioni, na kila wiki akarudi kuongea. Sista alisema dawa zitunzwe na mtu mwingine, si Mama, na mtu huyo ahakikishe kila jioni kimemezwa. Likizo nzima mtu huyo alikuwa mimi. Taratibu jiko likaanza kuwaka. Siku moja Lusajo alimpiga Mama usoni na kijiko cha uji, Mama akacheka. Nilikimbia nje nikalie.

Kisha likizo ikawa inaisha. Baba anafanya kazi Tunduma, huja mwisho wa mwezi. Bibi alishafariki. Sista akaniuliza nyumbani anabaki mtu mzima gani.

"Babu," nikasema. "Mzaa Baba."

"Ana akili zake?"

"Anazo. Nyingi."

"Basi aje, nimfundishe mbele ya Mama yako."

Hapo nilitakiwa kusema kitu, na maneno yalifika kooni yakakwama kama kawaida yangu. Sista alishaita mgonjwa mwingine.

Kwetu mke hakutani na baba wa mume wake. Si ugomvi, ni heshima. Wakikutana njiani, mke anaingia kwenye migomba anageuza uso mpaka mkwe apite. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mke hamtaji mkwe kwa jina. Siku hizi wengi wameacha, hasa Tukuyu mjini. Mama hakuacha, na Babu hakuacha. Toka nizaliwe wanaishi uwanja mmoja, nyumba ya Babu upande huu, yetu upande ule, na sijawahi kuwaona uso kwa uso. Babu akitoka nje anakohoa kwanza ili Mama ajue.

Siku ya kwenda kituoni Babu alikohoa vizuri tu kabla ya kuingia. Lakini ilikuwa siku ya chanjo. Watoto wanalia, nani atasikia kikohozi? Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la chumbani kwa Sista. Mlango ukafunguka.

"Karibu Mzee, karibu! Kaa hapa, karibu na mkweo."

Mama alijitupia kitenge usoni, akaruka, akatokea mlango wa nyuma. Kiatu kimoja kilibaki sakafuni. Babu akavua kofia akageukia ukuta, na ukutani palikuwa na picha kubwa ya mama anayenyonyesha, basi mzee wa watu akageuka tena haraka akatazama mlango.

Sista aliona mambo mawili: mgonjwa aliyekimbia, na mzee asiyetaka hata kumwangalia. Alipandisha sauti. Sijawahi kumsikia hivyo.

"Mzee! Ugonjwa huu hauambukizi! Mkweo hana laana, ni mgonjwa kama mwenye malaria! Mbona unamgeuzia mgongo?"

Babu alikuwa anazungusha kofia mikononi.

Sista akatoka mbio na mabuti yake. Nilimwona dirishani. Mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, amejifunika gubigubi. Sista anamsemesha, Mama hajibu, hageuki, kwa sababu Babu alikuwa anaonekana pale mlangoni. Sista aliporudi uso ulikuwa mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwa Tabibu.

"Amerudi nyuma. Amejificha, anatetemeka, hanijibu. Juzi alikuwa anacheka. Na yale aliyotuambia mwanzo, siwezi kumwacha arudi nyumbani. Piga simu Mbeya, aende leo."

Tabibu akachukua simu.

Nilikuwa nimembeba Lusajo, ananivuta nywele. Nikaona yote kwa mara moja. Mama amelazwa Mbeya kwa sababu ya kitu ambacho hakuumwa. Mama mwenyewe anaamini kweli amekuwa kichaa. Mimi nyumbani na Lusajo, shule imefunguliwa, kitanda changu cha bweni amepewa mwingine. Na Babu hatakanyaga tena hospitali maisha yake.

"Sista," nikasema.

"Subiri kidogo, Atu."

"Sista, Mama hakukimbia ugonjwa."

Hakugeuka. Tabibu alikuwa anabonyeza namba. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, mpaka Lusajo akaacha nywele zangu:

"Amekimbia kwa heshima! Yule ni baba mkwe wake, hawaonani!"

Tabibu alishusha simu. Sista alinitazama. "Hawaonani tangu lini?"

"Tangu aolewe."

"Na mnakaa nyumba moja?"

"Uwanja mmoja. Babu akikohoa, Mama anapisha. Chakula cha jioni Mama anakiweka kwenye kigoda nje ya mlango wa Babu, anagonga kikombe na kijiko, anaondoka. Babu anatoka anachukua, anakohoa kuonyesha amepata. Akimaliza anarudisha sahani kigodani, anakohoa tena. Siyo kwamba hampendi. Ng'ombe wetu akizaa, maziwa ya kwanza anasema apelekewe Mama."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Sista alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Tabibu, na wewe hukujua?"

"Mimi mtu wa Singida, ningejuaje? Nikiona mama kaingia kwenye migomba nadhani anachuma majani."

"Basi nimemfokea mzee wa watu kwa sababu ana adabu," Sista akasema. Akafunika uso kwa mikono. Kisha akatoka nje, safari hii polepole. Alimwomba Babu akapumzike kwenye chumba cha Tabibu, akafunga mlango, ndipo akaenda nyuma ya tangi akachuchumaa kando ya Mama. Nilifuata na kile kiatu.

"Mama Atu, nisamehe. Mzee hayupo, nimemfungia. Sasa niambie wewe mwenyewe, shule ikifunguliwa, unataka nani akutunzie dawa?"

Mama alifunua uso. Alikuwa anatetemeka kwa aibu na baridi tu. Alifikiri.

"Babu yake Atu," akasema.

"Huyuhuyu?"

"Kikohozi chake nakijua. Hata siku zile mbaya, nikikisikia nilikuwa naamka. Nilikuwa najiambia, mzee hajala."

Sista akamwekea kile kiatu mguuni. "Kumbe nyinyi mnaongea kila siku," akasema. "Mnaongea kuliko mimi na dada yangu."

Kesho yake alikuja nyumbani na mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji. Alivuka ng'ombe wetu kwa kushikwa mikono yote miwili. Babu alikuwa nje kwenye kigoda chake. Sista akapiga goti kwenye matope, na lile gauni jeupe.

"Mzee, nimekosa. Kwenu mtu akikosa hivi anatozwa nini?"

"Sisita, hukujua," Babu akasema. Kiswahili chake ni cha kizee, kinabeba Kinyakyusa mgongoni.

"Kutojua siyo msamaha, Mzee. Nitoze."

Babu akamtazama mabuti, sweta, mtandio. Nilimjua, alikuwa anatafuta utani. "Basi utakunywa maziwa," akasema.

Nilileta kikombe cha mgando, kizito, kimejaa. Sista alikitazama. Kisha akamtazama ng'ombe, na ng'ombe naye alikuwa anamtazama. Alikipeleka mdomoni, akanusa, macho yakajaa machozi.

"Mzee, nipe faini nyingine. Nipasue kuni."

"Faini ni hiyo."

"Basi naomba muda."

Babu alicheka mpaka akakohoa kweli, na ndani nikamsikia Mama naye akicheka. "Muda umepewa, gwe Sisita. Lakini inakaa."

Mpango waliupanga siku hiyo, Babu nje, Mama ndani, Sista mlangoni katikati akipokea maneno huku na kule, na mhudumu wa kijiji akisikiliza. Dawa zikae kwa Babu. Jioni akirudisha sahani, anaweka kidonge kimoja kwenye sosa kigodani, anakohoa mara mbili. Mama anachukua, anameza, anagonga kikombe. Babu asiposikia kikombe, asisubiri asubuhi, amwite mhudumu.

Nilirudi shule. Jumapili nikiruhusiwa kupiga simu nyumbani kwa simu ya matron, swali langu la kwanza lilikuwa, "Kikombe kinalia?" Matron alidhani ni fumbo la wapenzi, akanihoji.

Jioni moja hakikulia. Nilisimuliwa baadaye. Mama alipitiwa na usingizi akimnyonyesha Lusajo, jua hata halijazama vizuri. Babu akakohoa mara mbili. Kimya. Akakohoa tena. Hawezi kuingia, hawezi kuita jina. Akakohoa mpaka jirani mmoja akaja na tangawizi, mwingine akaja na majani ya mkaratusi, wa tatu akasema mzee apelekwe kupimwa kifua kikuu. Babu anawafukuza kwa mkono, "Siyo mimi! Siyo mimi! Muiteni mhudumu!" Zogo likamwamsha Mama. Akatoka mlango wa nyuma, akazunguka mpaka kigodani Babu akiwa amegeuza uso, akameza kidonge chake, akagonga kikombe kwa nguvu mpaka kikapasuka mdomo. Babu akasema, "Ndaga," yaani ahsante, akaenda kulala. Sista alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini kwenye korido. Halafu akaacha kucheka, akasema kwa Tabibu, "Unaona? Alikohoa bila kuacha."

Kila alipopita kwetu Babu alimkumbusha. "Sisita, faini yako inaganda." Naye: "Iache iive, Mzee."

Mama aliendelea kupona. Siyo kwa mstari ulionyooka; kuna wiki za ukungu. Lakini alirudi kwenye chai, akarudi kwaya. Ukafika wakati Tabibu na Sista wakakaa naye pamoja, wakaanza kumpunguzia dawa kidogo kidogo, mpaka wakaiacha, na Mama akaendelea kwenda kuongea tu. Muda si mrefu Sista akahamishiwa Tukuyu mjini. Mlango wake pale kituoni amepewa kaka mmoja mpole, ambaye Tabibu anasema bado hajajua kuiba kete.

Likizo iliyopita Sista alikuja kutusalimia. Hakutoa taarifa. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, nilimwona kwa mbali amesimama njiani na ng'ombe mbele yake, mabuti yaleyale. Nikaenda kumshika mkono.

"Atu! Umerefuka. Unaongea siku hizi?"

"Kidogo. Nimo kwenye mdahalo. Nilipewa upande wa kupinga."

"Mungu wangu," akasema, "wamekwisha."

Mama alimpokea kwa kumkumbatia, Lusajo akamwonyesha meno yote. Tukakaa jikoni kwenye moto. Mama akapeleka chakula cha Babu kigodani, akarudi. Tukaongea. Kisha kutoka upande wa pili wa uwanja tukasikia: kikohozi, mara mbili.

Mama akachukua kijiko, akagonga kikombe, akaendelea kumenya ndizi.

Sista aliganda. Niliona mkono wake ukitafuta mkono wa Mama, akajizuia. Alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, ile ya siku ya tangi.

"Atu. Nani kamrudishia Mama yako dawa? Imeanza tena lini? Mbona sikuambiwa?"

Ameelewa vibaya tena! Lakini safari hii maneno hayakukwama.

"Hakuna dawa, Sista."

"Nimesikia kikohozi. Nimesikia na kikombe."

"Dawa iliisha pale ulipoimaliza wewe. Babu aliendelea tu kukohoa. Siku ya kwanza bila kidonge alikohoa, Mama akagonga. Kesho yake tena. Hakuna aliyewaambia waache."

"Sosa ina nini?"

"Haina kitu. Siku nyingine anaweka parachichi."

Sista alimtazama Mama. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ndizi, alikuwa anatabasamu kama msichana. "Nisipogonga halali," akasema. "Na asipokohoa silali mimi."

Sista aliondoa mtandio kichwani, akaukunja magotini, akaufunga tena. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe ile faini."

Nilimjazia mgando kwenye kile kikombe kilichopasuka mdomo. Alifumba macho. Alikunywa kama mtu anayevuka mto, bila kusimama katikati, shingo inapanda na kushuka, na Lusajo anamhesabia. Alipomaliza alikuwa na masharubu meupe na machozi, sijui ya nini. Akachukua kijiko cha Mama, akaelekea mlangoni, akagonga kikombe kitupu mara tatu, kwa nguvu.

Upande wa pili kukawa kimya. Babu alikuwa anafikiri. Si Mama anayegonga hivyo, lazima alikuwa anajiambia, na si Atu.

Kisha tukamsikia anacheka gizani kwenye migomba yake, anacheka mpaka anakohoa, na hakuna aliyekwenda kumpelekea tangawizi.